Amri ya Tano na Dalili Zinazonyamaziwa

Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja. Wengi waliuliza kama dalili hazikuonekana mapema.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mmiliki wa bunduki awe na leseni. Lakini vitisho na visasi husikika kwanza nyumbani na katika jumuiya ndogo ndogo.

Hapa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mpakani, Amri ya Tano yatudai kusema. Ezekieli 33 yafundisha kuwa mlinzi aliyenyamaza atadaiwa damu. Anayesikia tishio amwarifu mwenyekiti wa kijiji au polisi. Asingoje kitubio, maana lisemwalo humo padre hawezi kulifichua.