Nani alipwe kwa kazi ya jani?

Huku Kimbo malaria si ugonjwa wa mtaa. Tuko juu, usiku kuna baridi. Lakini ngoja Januari ifike, watu warudi kutoka shags, Siaya, Busia, Homa Bay, uone foleni kwenye maduka ya dawa. Kila mtu anatoka na zile tembe za manjano, AL, 24 kwa mtu mzima, za siku 3. Tunameza tu. Nimekaa wiki nzima nikisoma zilikotoka, na kisa chenyewe kinatuhusu kuliko watu wengi wanavyojua.

Mmea ni pakanga ya Kichina, Artemisia annua. Mwaka 1972 kundi la Tu Youyou kule Beijing lilipata ndani yake kiini kinachoua vimelea vya malaria, artemisinini. Mama huyo alikuja kupewa Nobel mwaka 2015. Kenya tuliacha klorokwini 1998 tukahamia SP, nayo SP ikaanza kushindwa, na 2004 serikali ikaamua AL iwe dawa ya kwanza. Ilianza kufika hospitalini 2006. Shida ni kwamba nchi nyingi ziliamua hivyo karibu wakati mmoja. Kabla 2004 haijaisha, Shirika la Afya Duniani likatangaza uhaba. Kilo ya artemisinini ikapita dola 1,000.

Hapo ndipo mkulima wetu anaingia. Kenya, Tanzania na Uganda watu walianza kupanda pakanga, na kiwanda cha Botanical Extracts kikasimama kule EPZ ya Athi River kukamua majani na kuuzia Novartis. Hesabu yake si ya mchezo: jani kavu likiwa na asilimia 1 ya kiini, kilo 100 zinakupa kilo 1, na hiyo ni kama hujapoteza kitu njiani. Tena bei haikutulia. Ikipanda kila mtu anapanda, mavuno yanafika pamoja, bei inaanguka, msimu unaofuata watu wanarudia mahindi, dawa inaadimika upya.

Sasa twende California. Jay Keasling wa Berkeley alitaka kuiondoa dawa kwenye mikono ya mvua na bei. Mwaka huohuo wa uhaba, 2004, mradi ukapewa dola milioni 42.6 na wakfu wa Gates.

Unaweza kuuliza, si watengeneze yote kwa kemia tu? Ilishajaribiwa. Schmid na Hofheinz wa Hoffmann-La Roche waliiunda maabarani 1983. Lakini hatua ni nyingi, na kila hatua unamwaga kidogo. Ni kama kubeba maji kutoka Thika hadi Ruiru kwa ndoo iliyotoboka. Basi waachie viumbe hai kazi yote? Pia hapana, maana hakuna kimeng'enya kilichojulikana cha kufunga ile hatua ya mwisho.

Wakagawana kazi. Walichukua jeni za pakanga wakazitia kwenye hamira, ndugu wa ile ya mandazi, ikaanza kutengeneza vimeng'enya vya pakanga. Unailisha sukari, inakutolea asidi ya artemisini. Mwaka 2006 walipata kama miligramu 100 kwa lita. Kufikia 2013 ilikuwa gramu 25 kwa lita, na hapo ndipo nilisoma mara mbili. Kutoka hapo kemia ikapokea. Kampuni ya Sanofi, kiwandani Garessio, Italia, iliongeza hidrojeni kwa kichocheo cha ruthenium, kisha ikaiweka ile asidi mbele ya taa kali pamoja na oksijeni. Mwanga ndio unaoifanya oksijeni iingie na kuunda daraja la atomi mbili. Hilo daraja ndilo silaha: likikutana na chuma cha damu ambacho kimelea amekula, linavunjika na kumuua.

Sasa sikiliza hii. Pakanga shambani inafanya karibu vilevile. Vimeng'enya vya jani vinafika kwenye asidi ya dihidroartemisini vinasimama, na ushahidi mwingi unaonyesha kwamba kipande cha mwisho kinajiendea chenyewe kwa jua na hewa. Na hata artemisinini ya Athi River, kabla haijawa AL, lazima ipitie mikono ya wanakemia igeuzwe kuwa artemetha. Kwa hiyo wanaosema huu ulikuwa ugomvi wa asili na maabara hawajaangalia vizuri. Njia zote mbili ni vimeng'enya kwanza, kemia baadaye. Walichogombania ni nani alipwe kwa ile nusu ya vimeng'enya: mwenye shamba au mwenye tangi.

Tangi halikushinda. Sanofi walipanga kuuza bila faida, dola 350 hadi 400 kwa kilo, lakini pakanga ilikuwa imepandwa kwa wingi na bei ya sokoni ikashuka chini ya 250. Mwaka 2015 hawakutengeneza hata kilo. 2016 wakauzia Huvepharma ya Bulgaria kiwanda. Kuna walioandika kwamba mkulima kaibuka mshindi. Mshindi gani huyo anayeuza kwa bei ya kutupa? Mimi naona wote wawili waliumia, na aliyefaidi ni mgonjwa. Hilo si dogo, lakini tuliseme wazi.

Kitu kimoja hakizungumzwi sana. Mwaka 2012 Peter Seeberger na Lévesque, Ujerumani, walionyesha kwamba ile hatua ya taa inaweza kufanyika kwenye mrija mwembamba uliozungushwa taa, malighafi inaingia upande huu, artemisinini inatoka upande ule, bila mtambo mkubwa. Na malighafi waliyotumia, asidi ya dihidroartemisini, inapatikana kwenye mabaki ya majani yaliyokwisha kukamuliwa. Yaani mfanyakazi wa kiwanda cha kukamua pakanga anaitupa. Mrija, taa, pampu na oksijeni. Kutoka Kimbo hadi maabara za JKUAT pale Juja ni safari fupi ya matatu, na ningependa kumsikia mwanafunzi wa kemia akiniambia ameshaujaribu.