Tarehe ya Santo Stefano di Sessanio, Kijiji cha Sufu

Santo Stefano di Sessanio ni kijiji cha mawe katika milima ya Gran Sasso, jimbo la Abruzzo, katikati ya Italia, kiasi cha mita 1,250 juu ya usawa wa bahari. Kondoo ndio waliokitajirisha, na biashara ya kondoo ilipokufa nacho kikabaki mahame. Leo wageni hulipa fedha nyingi walale katika nyumba zilizoachwa na wachungaji.

Milima ile ina majani tele wakati wa kiangazi, lakini theluji ikianguka kondoo hawana cha kula. Kwa hiyo kila vuli wanaume waliteremsha makundi yao hadi tambarare za Puglia, kusini, na kurejea majani ya mlimani yalipochipua upya. Mwaka 1447 Mfalme Alfonso wa Aragon, mtawala wa Napoli, aliuwekea utaratibu huo forodha. Mwenye kundi alilipa kodi kwa idadi ya kondoo wake, naye akapewa haki ya malisho na ya njia. Njia kuu, kutoka L'Aquila hadi Foggia, ilikuwa na urefu wa kilomita 244 na upana wa mita 111, na ilikatazwa kulimwa. Wanaume wakiwa huko miezi mingi, wanawake na wazee ndio waliokiendesha kijiji: walilima dengu, wakasokota sufu, wakafuma.

Hata ulipofika mwaka 1579, ukoo wa Medici wa Florence, matajiri wa benki na vitambaa, ukainunua milki ya Carapelle kutoka kwa Costanza Piccolomini, na Santo Stefano ikiwa ndani yake. Walichokitaka ni sufu nyeusi ya Abruzzo, ngumu na ya kukwaruza, iliyofaa kwa majoho ya watawa na sare za askari. Nembo yao ingali juu ya lango la kijiji, na mnara wa mviringo uliosimama katikati ya nyumba ukaja kuitwa kwa jina lao. Nyumba nzuri zenye madirisha ya mawe yaliyochongwa ni za zama hizo. Utawala wa Medici ulikoma mwaka 1743, milki ikaangukia mikononi mwa wafalme wa Napoli.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Forodha ya kondoo ilifutwa mwaka 1806 chini ya utawala wa Wafaransa. Italia ilipokwisha kuungana, sheria ya mwaka 1865 iliwaruhusu watu kuyamiliki malisho ya Puglia, na sehemu kubwa ikalimwa ngano. Mchungaji akakosa pa kupeleka kundi wakati wa baridi. Watu wakahama, wengine wakaenda mijini, wengine wakavuka bahari hadi Amerika. Kijiji kilichowahi kuwa na wakazi zaidi ya 1,000 kikabaki na watu 100 hivi, wengi wao wazee. Lakini umaskini huo ndio uliokihifadhi. Hakuna aliyekuwa na fedha za kuvunja nyumba za mawe na kujenga za zege, kwa hiyo sura ya zama za Medici ikabaki.

Mwaka 1999 alifika Daniele Kihlgren, kijana wa Milano mwenye asili ya Sweden, akisafiri kwa pikipiki. Akazinunua nyumba zilizotelekezwa, moja baada ya nyingine, akafungua hoteli ya Sextantio kwa mtindo ambao Italia ilikwisha kuufahamu tangu jimbo la Friuli lilipojengwa upya baada ya tetemeko la mwaka 1976: vyumba vimesambaa katika nyumba mbalimbali za kijiji, na uchochoro ndio ukumbi. Kabla ya kukarabati, wazee waliulizwa jinsi watu walivyolala, walivyopika na walivyofuma. Kuta zikaachwa na masizi ya moto wa miaka mingi. Milango ya mbao inafunguliwa kwa funguo kubwa za chuma, na vitanda vina magodoro ya sufu na mablanketi yaliyofumwa kwa mkono. Mabomba ya kupasha joto yamefichwa chini ya sakafu. Televisheni hakuna.

Mtu anaweza kuudhika kuona tajiri analipia masizi ambayo mchungaji aliyavuta kwa kukosa bomba la moshi. Nami naona uzito wa hoja hiyo. Hata hivyo, masizi yakisuguliwa na ukuta ukapakwa chokaa nyeupe, kumbukumbu ya waliopika pale inafutika, na kijiji kinakuwa pambo tu.

Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa L'Aquila na vijiji vyake, likaua watu 309. Mnara wa Medici ukaanguka. Baadaye ulijengwa upya, na kijiji kikapata tena kimo chake.

Kihlgren alikuwa na kazi nyingine Afrika. Shirika lake liliwalipia bima ya afya watu maskini wa Rwanda, na katika kisiwa cha Nkombo, Ziwa Kivu, likajenga vibanda vya wageni kwa ufundi wa kienyeji ili mapato yasaidie bima hiyo. Huko pia kanuni ni ileile: jengo linafuata desturi ya wenyeji, na wenyeji wanapata haki yao.

Mwaka 2019 UNESCO iliingiza uhamishaji wa mifugo wa Italia, Austria na Ugiriki katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2020 halmashauri ya Santo Stefano ikatangaza kuwalipa watu wenye umri usiozidi miaka 40 hadi euro 8,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, wakikubali kuhamia. Wakazi walikuwa 115 tu. Tangazo hilo linaonyesha mpaka wa kazi ya hoteli: imeokoa kuta na kuwapa watu ajira, lakini mgeni wa usiku mmoja hampeleki mtoto shule wala halimi dengu. Ukarabati wa nyumba umefanikiwa. Sasa kijiji kinahitaji wakazi wa kudumu, na serikali, halmashauri na wenye mitaji wanawajibika kulifanyia kazi hilo kwa bidii ileile waliyoitumia kwa mawe.