Dhahabu ya Kilwa iliyoko Lisbon

Vitabu vya utalii kuhusu Lisbon hukuelekeza kwanza Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Sawa tu. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, enzi za Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya bidhaa za Afrika na Asia, hasa viungo. Mafundi walichonga mawe yakawa kamba za meli na matumbawe. Tetemeko la 1755 liliangusha sehemu kubwa ya jiji, monasteri ikabaki.

Lakini kwangu mimi Mtanzania, kazi inayonigusa zaidi iko Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ni monstransi, chombo cha Wakatoliki cha kuonyeshea Ekaristi, iliyotengenezwa kwa ajili ya monasteri hiyohiyo. Sonara Gil Vicente aliimaliza 1506: mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka hostia, enameli za rangi, na juu vinara kama vya kanisa. Huyo alikuwa fundi kwelikweli, hapo hatubishani.

Sasa, dhahabu ilitoka wapi? Chombo chenyewe kinajibu. Kwenye kitako kumeandikwa kwamba Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahimu akubali kumlipa mfalme wa Ureno. Malipo ya kwanza yalikuwa mithkali 1,500 za dhahabu. Biashara ya dhahabu kutoka nyanda za Zimbabwe kupitia Sofala ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Na kulipa hakukuiponya: 1505 Francisco de Almeida alishusha askari, mji ukaporwa, ngome ikajengwa.

Ndiyo maana sipendi mtu anapoiita dhahabu ile zawadi. Zawadi gani inayotolewa mbele ya mizinga? Mali ya mtawala Mwislamu, iliyotolewa kwa vitisho, ikageuzwa chombo cha ibada ya Kikristo, na maandishi yakabaki kama risiti. Vitu vingi vya Afrika vilivyoko Ulaya havina risiti. Hiki kinayo.

Kilwa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO 1981, Jerónimos 1983. Watoto wetu hukaririshwa safari za Vasco da Gama. Basi waonyeshwe na picha ya chombo hiki, wajue alirudi kwao na nini.