SIMH

SIMH ni programu huria inayoiga kompyuta za zamani ndani ya kompyuta za kisasa. Programu ya aina hii huitwa emuleta. Kwa kutumia SIMH, mtu mwenye kompyuta ya kawaida ya Linux anaweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine za miaka ya 1960, 1970 na 1980 bila kuzibadilisha. Herufi H katika jina lake inasimamia historia.

Miongoni mwa mashine zinazoigwa ni PDP-1, PDP-8, PDP-11 na VAX za kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC), Nova ya Data General, IBM 1401 na IBM 1130, pamoja na Altair 8800.

## Historia

SIMH ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi DEC nchini Marekani. Wakati huo minikompyuta nyingi za zamani zilikuwa zimeshatupwa au kuuzwa kama vyuma chakavu, na tepu za sumaku zenye programu zake zilikuwa zikipotea. Supnik alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo, kwani zamani alishiriki kutengeneza MIMIC, programu nyingine ya kuiga kompyuta.

Baadaye watu wengi walijitolea kuongeza mashine nyingine. SIMH imeandikwa kwa lugha ya C, na hutumika pia kwenye Windows na macOS.

## Namna inavyofanya kazi

SIMH huiga mashine katika ngazi ya maagizo ya prosesa. Rejista na kumbukumbu za mashine ya zamani huwekwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ya sasa. Programu husoma agizo moja, hutambua maana yake, hulitekeleza, kisha huenda kwenye agizo linalofuata.

Vifaa vya nje huwa faili za kawaida. Kwa mfano, diski ya RK05 iliyotumiwa na PDP-11 huwa faili moja ya takriban megabaiti 2.5. Terminali huwa dirisha la Linux, na terminali za ziada huunganishwa kwa telnet. Programu ya zamani haiwezi kutambua kwa urahisi kwamba mashine yenyewe haipo.

## Matumizi kwenye Linux

Mtumiaji anaweza kusakinisha kifurushi cha SIMH cha Linux yake au kuitengeneza kutoka msimbo chanzo. Amri `make pdp11` hutengeneza emuleta ya PDP-11 peke yake. Mfano huu unaonyesha jinsi ya kuwasha Unix Toleo la 6, la mwaka 1975:

```
sim> set cpu 11/40
sim> attach rk0 unix0_v6_rk.dsk
sim> boot rk0
@unix
login: root
```

Mstari wa kwanza huchagua aina ya mashine, wa pili huunganisha faili ya diski, na wa tatu huwasha mashine kutoka diski hiyo. Alama `@` hutolewa na diski yenyewe, na mtumiaji huandika `unix` mbele yake.

Mtu aliyezoea Linux hukuta tofauti kadhaa. Amri ya kubadilisha saraka ni `chdir`, si `cd`. Herufi iliyokosewa hufutwa kwa alama `#`, na mstari mzima kwa `@`, kwa sababu terminali za wakati ule zilichapa kwenye karatasi na hazikuweza kufuta. Kabla ya kuzima ni lazima kuandika `sync` ili data iliyo kwenye kumbukumbu iandikwe kwenye diski. Kisha Ctrl-E hurudisha mtumiaji kwenye `sim>`.

## Kurejesha Unix ya awali

SIMH imetumika kufufua programu zilizodhaniwa zimepotea. Mwaka 2008 kundi la watu wa kujitolea, akiwemo Warren Toomey, lilichukua nakala ya karatasi ya mwaka 1972 yenye msimbo wa kiini cha Unix ya kwanza. Msimbo huo ulibadilishwa kutoka picha za kurasa kuwa maandishi, makosa yakasahihishwa, na programu nyingine zikachukuliwa kutoka tepu zilizosalia. SIMH nayo ilihitaji kuongezewa kifaa cha hesabu cha KE11-A, ambacho Unix hiyo ilikitegemea. Mwishowe mfumo huo uliwaka tena. Mwaka 2016 kazi kama hiyo ilifanyika kwa Unix ya PDP-7, ambayo ni ya zamani zaidi.

## Leseni

Kuiga mashine hakumpi mtu haki ya kutumia programu zake. Unix Toleo la 1 hadi la 7 za PDP-11 zinatumika kwa uhuru kwa sababu kampuni ya Caldera ilitoa leseni huria mwaka 2002. Mfumo wa VMS wa VAX ni kinyume chake. Leseni za bure za wapenzi wa kompyuta hizo zilisitishwa na HPE, na za mwisho zilikwisha muda wake mwishoni mwa mwaka 2021. Emuleta ya VAX bado inafanya kazi, lakini anayetaka kutumia VMS juu yake kihalali hana tena njia hiyo.

## Mgawanyiko wa 2022

Toleo moja la SIMH lilianza kuongeza taarifa zake mwishoni mwa faili za diski. Baadhi ya watumiaji walipinga, wakisema faili ya kumbukumbu ya kihistoria isibadilishwe hata kidogo. Mvutano huo, pamoja na mabadiliko ya masharti ya leseni, ulisababisha kuanzishwa kwa mradi wa Open SIMH mwaka 2022, unaotumia leseni ya MIT. Supnik ni mmoja wa wanaouongoza.

## Emuleta nyingine

Kompyuta kubwa za IBM kuanzia System/370 hadi z/Architecture huigwa na Hercules, iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999. Hiyo pia huendeshwa kwenye Linux. Watumiaji wake wengi huendesha MVS 3.8, toleo la zamani linalopatikana kwa umma, kwa kuwa z/OS ya sasa huhitaji leseni ya IBM.