Dampo la Tabata: Wenyeji Walipogoma Kunyamaza

Leo naacha kidogo mambo ya mbegu na kideri. Kila nikipita mitaani naulizwa: "Bwana shamba, mradi ukishaamuliwa huko juu, sisi tuseme nini tena?" Basi sikiliza kisa cha hapa hapa Dar es Salaam.

Miaka ya 1980 taka za jiji zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi. Moshi, harufu na inzi vikaingia mpaka jikoni. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaamriwa liache kumwaga taka pale. Halikuacha. Likaomba kuongezewa muda, likapewa, likaomba tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akikumbusha kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Hebu fikiria, miaka mitatu una hukumu mkononi na inzi bado wako kwenye sahani!

Magari yale yale yakageuza njia kwenda Kunduchi Mtongani, Kinondoni, eneo ambalo kwenye ramani ya mipango miji lilikuwa la makazi. Wakazi zaidi ya 700 wakaungana katika shauri moja mwaka huo huo wa 1991, lile linalojulikana kwa jina la Festo Balegele. Nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni kule Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi.

Unaona? Walishinda, lakini walianza kusikilizwa magari yakiwa yameshafika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilikuja mwaka 2004. Hiyo inataka mradi mkubwa, uwe dampo, mgodi au mtambo wa umeme, ufanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi watakaoguswa washirikishwe kabla ya cheti kutolewa.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Tulikuwa watu kumi na kitu. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla mtaalamu hajamaliza kueleza. Mama mmoja muuza mchicha akauliza atamwagilia kwa maji gani mkondo ukizibwa. Akajibiwa kwa mdomo tu, swali halikuandikwa popote. Mpaka leo najilaumu, maana kalamu nilikuwa nayo.

Kwa hiyo tangazo likibandikwa kwa mtendaji, lisome siku hiyo hiyo na umwambie jirani. Ukifika kikaoni, taja kisima chako, banda lako la kuku, njia unayopitisha mzigo kwenda sokoni. Kabla ya kutia saini, mwombe mwandishi akusomee alichoandika. Na kama mna maoni ya pamoja, yaandikeni nakala mbili, yote yakiwa na majina na saini zenu. Moja mpeleke, ya pili igongwe muhuri wa mapokezi mrudi nayo nyumbani.