Kanda Haikwaruziki

Wenye gramofoni katika Nairobi ya zamani hawakuwa na mzaha na santuri. Ungeishika kwa ukingo tu, viganja viwili, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi uliojaa. Kidole kiliacha mafuta, mafuta yakashika vumbi, na vumbi likazaa mkwaruzo; sindano ikifika hapo inarudia neno lile lile mpaka mtu ainuke kuisukuma. Ndiyo maana habari kwamba kuna vijana wanaoshika santuri ikizunguka, wakaisukuma na kuivuta kwa makusudi, na watu wakalipa kiingilio kuwasikiliza, ilisikika kama habari za kichaa.

Vijana hao walikuwa wa Bronx, New York. Agosti 11, 1973, Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri kipande ambacho waimbaji hunyamaza na kubaki midundo mitupu, basi akawa anakirefusha kwa nakala mbili za santuri moja. Miaka michache baadaye, kama inavyosimuliwa, Grand Wizzard Theodore alikuwa chumbani akipiga santuri wakati mama yake alipokuja kumgombeza kwa kelele. Akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize, na mlio uliotoka ukamkaa kichwani.

Kazi ya kukwaruza ni ya mikono miwili. Mmoja uko juu ya santuri, na chini yake kuna kitambaa laini kinachoiwezesha kuteleza huku sahani ya mashine ikiendelea kuzunguka. Sindano husoma mfereji ikienda mbele na ikirudi nyuma. Ukisukuma kwa kasi sauti inapanda, ukipunguza inashuka. Mkono wa pili uko kwenye kitelezo cha mixa, unafungua na kufunga sauti ili mkwaruzo ukatike kama silabi. Bila mkono huo wa pili ni kelele tu. Mashine nayo lazima iwe na nguvu. Technics SL-1200, iliyotoka Japani mwaka 1972, haikuzungushwa kwa mkanda wa mpira bali kwa mota iliyo moja kwa moja chini ya sahani, hivyo ukiiachia santuri inarudi kwenye mwendo wake papo hapo. Toleo lake la pili, la 1979, ndilo lililotawala klabu za dunia.

Sasa turudi Nairobi, maana hapa palikuwa na watu ambao hawakuhitaji kufundishwa kusubiri kipande. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizouzwa River Road, za benga na za rumba, mara nyingi ziliugawa wimbo: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yamechemka. Aliyekuja kucheza alikuja kwa ajili ya upande wa pili. Mhudumu wa baa aliyechelewa kuigeuza santuri aliambiwa maneno ambayo hayamo kwenye wimbo. Herc alitatua shida ile ile kwa nakala mbili. Kwetu ilitatuliwa kwa kugeuza upesi.

Kwa nini basi benga haikukwaruzwa? Nadhani jibu liko kwenye kalenda. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa hapa hapa Nairobi tangu miaka ya 1950, lakini kanda zilipoingia, na kunakiliwa kiholela, biashara ikadhoofika, na kufikia mapema miaka ya 1990 uchapaji ulikuwa umekoma. Miaka hiyo hiyo ndiyo vikundi vya maDJ kama Homeboyz, cha ndugu wa familia ya Rabar, vilianza kutamba. Mashine zilipopata mikono, nyimbo mpya za nyumbani zilikuwa zimehamia kwenye kanda, na kanda haikwaruziki. Kilichokwaruzwa kikawa hiphop na rege kutoka ng'ambo.

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware kifaa chenyewe kilikuwa ndoto. Jozi ya Technics na mixa ilizidi kodi ya chumba cha mabati kwa miaka mingi. Kilichofika ni sauti, nayo ilifika kwa matatu. MaDJ waliwapa makondakta kanda na baadaye sidii za mixi zao ili majina yao yasafiri, na aliyepanda namba 8 kwenda Kibera au 46 kwenda Kawangware alisikia mkwaruzo kila wimbo ulipompisha mwenzake. Wengi waliujua kwa sikio, wakauiga kwa mdomo, kabla ya kuona sindano kwa macho. Namba yenyewe ikawa kitambulisho: Octopizzo, mwana hiphop wa Kibera, ameifanya Namba Nane kuwa bendera yake.

Mlango ulifunguka kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2004 Serato ya New Zealand ilitoa programu inayotumia santuri isiyo na wimbo, yenye mlio wa ishara tu. Kompyuta husoma mlio huo na kujua mkono umesukuma wapi na kwa kasi gani, kisha hucheza faili lolote. Benga iliyonakiliwa kutoka kanda mbovu ikaweza kukwaruzwa hatimaye. Siku hizi hata santuri hiyo bubu inaachwa, kijana anatumia kidude chenye visahani viwili vya plastiki kilichounganishwa na laptopu. Wajuzi hulalamika kwamba hakina uzito mkononi. Wana haki, ingawa wengi wao hawakuwahi kulipa umeme wa kuunganishiwa kwa waya wa jirani.

Zile santuri zenyewe hazikwenda mbali. Upande wa pili wa uwanja wa gofu unaopakana na Kibera kuna Kenyatta Market, soko la nyama choma na wasusi, na kwenye kibanda namba 570 James Rugami, aliyewahi kuwa DJ, anauza santuri za zamani na kutengeneza mashine za kuzipigia. MaDJ wanaokuja kutafuta santuri ya kukwaruza huitoa kwenye ganda, wakaiinamisha kwenye mwanga na kuikagua polepole. Wakiona mkwaruzo, wanairudisha.