Gundi ya mgunga, kutoka ubao wa dugsi hadi chupa ya soda

Kabla kalamu za dukani hazijaenea Garissa, Wajir na Mandera, mtoto wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, aliandika aya kwenye ubao kwa wino wa nyumbani: makaa yaliyosagwa, maji na gundi ya mti. Makaa matupu hutuama upesi chini ya kidau. Ukitia gundi, ule unga huelea, wino hushika ubao, na somo likishahifadhiwa huoshwa kwa maji. Wamisri wa kale nao walichanganya masizi na gundi kama hiyo ili kupata wino wao.

Gundi yenyewe, habak kwa Wasomali, hutoka kwenye mgunga uitwao cadaad. Wataalamu wa mimea waliuita Acacia senegal kwa miaka mingi. Siku hizi ni Senegalia senegal, na aina imeayo kaskazini mwa Kenya ni kerensis. Kiangazi cha jilaal kinapokaza, Januari hadi Machi, utomvu huvuja pale gome lilipopasuka au kutobolewa na wadudu, ukakauka kuwa donge la rangi ya asali. Mchungaji hulibandua na kulitafuna akiwa nyuma ya mifugo. Tia donge hilo katika maji baridi, litayeyuka lote. Manemane ya vichaka vya jirani haiyeyuki hivyo, huacha mashapo ya mafuta na utomvu mgumu.

Nguvu yake imo katika maumbile. Sehemu kubwa ya gundi ni matawi ya sukari, na kiasi kidogo tu, karibu asilimia 2, ni protini. Protini hung'ang'ania tone la mafuta, na matawi yaliyoshikamana nayo hutanda majini, yakazuia tone lisiungane na jingine. Ndiyo maana mafuta ya machungwa hubaki yametawanyika ndani ya soda badala ya kupanda juu.

Viwanda vya polima vilihangaika sana kupata kitu cha namna hiyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanakemia wa Bayer nchini Ujerumani walipojaribu kutengeneza mpira ndani ya maji walitia jelatini, wanga na ute wa yai ili chembe zisigandane. Baadaye ikaja polivinili alkoholi, inayotumika katika gundi nyeupe ya maseremala. Polima inapojiunda, baadhi ya minyororo ya alkoholi hiyo hupandikizwa kwenye chembe zenyewe, na kinga iliyopandikizwa haibanduki kwa urahisi. Cadaad hufanya kazi hiyo jangwani bila mtambo wowote, nami naona heshima yake haijafika kwa wanaoiokota.

Sababu moja ni historia ya eneo lenyewe. Waingereza waliifanya Northern Frontier District, jina lao la kaskazini mwa Kenya, wilaya iliyofungwa, watu wakiingia na kutoka kwa kibali. Baada ya Uhuru vikaja Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na hali ya hatari haikuondolewa Kaskazini Mashariki hadi 1991. Biashara gani ingestawi katika mazingira hayo? Sudan wakati huo ilikuwa na mnada wake El Obeid, na gundi ya Kordofan ikawa kipimo cha dunia. Hata vikwazo vya Marekani vya mwaka 1997 vililegezwa kwa ajili ya gundi, kwa kuwa viwanda vya vinywaji viliitegemea.

Vita vilivyolipuka Sudan Aprili 2023 vimewafanya wanunuzi wajue hatari ya kutegemea nchi moja. Kenya haianzi mikono mitupu: taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeushughulikia mgunga huu kwa miaka, na mtandao wa nchi za Afrika zenye gundi na utomvu, NGARA, una makao yake hapo. Kazi ngumu iko kwenye gunia. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ilipopitisha vipimo vya gundi hii mwaka 1999 ilitaja Acacia senegal na Acacia seyal. Mti wa mathenge, uliosambaa kando ya mto Tana, nao hutoa gundi, lakini haumo. Madonge yake yakiingia gunia moja na ya cadaad, gunia zima huharibika, na hasara humwangukia aliyetembea juani kuokota.